Kigelegele cha Kumwita Watasema

Mwezi uliopita tulimwoza mtoto wa dada yangu hapa Tabora mjini, upande wa Kitete. Bibi harusi alipoingia ukumbini, wanawake wakapasua vigelegele, na watu wote wakageuka kumtazama yeye na gauni lake. Mimi nikageuka kutazama mlangoni, chini, usawa wa goti. Mke wangu ananijua sana, lakini hili bado hajalizoea. Akaninong'oneza, "Unamsubiri nani?" Nikamwambia simsubiri mtu. Na kweli, ndugu yangu, sikuwa namsubiri mtu. Nilikuwa namsubiri mbwa.

Kaa nikusimulie. Nililelewa na bibi yangu mzaa mama kijijini, mbele ya Sikonge, kando ya barabara ya vumbi ambayo wazee walipenda kusema wapagazi waliipita zamani na mizigo ya meno ya tembo. Sisi hatukuona meno ya tembo. Tuliona baiskeli zilizofungwa madumu ya asali, na marobota ya tumbaku, na vumbi lililotua hata kwenye uji. Nyuma ya nyumba lilikuwa shamba la karanga, na nyuma ya shamba ulianza msitu wa miyombo. Ndani ya msitu waliishi ngedere, ambao kwa maoni ya bibi walijua siku ya kukomaa kwa karanga kuliko bwana shamba.

Kwa hiyo bibi alifuga mbwa. Kijiji kizima kilifuga mbwa, lakini wake walikuwa tofauti, na watu hawakuacha kulisema. Mama mtu mzima, mjane, muumini wa kanisa, anakimbia shambani kifua mbele huku mbwa anamfuata, halafu anajificha nyuma ya kichuguu na kucheka! Walisema amepungukiwa. Yeye akasikia, na mbwa wa kahawia aliyezaliwa msimu ule akampa jina la Watasema. Kwetu mbwa hupewa jina ambalo jirani analisikia kila siku.

Watasema alikuwa mbwa wangu kwa sababu nilimchagua mimi, ingawa bibi alishikilia kwamba ni Watasema aliyenichagua. Alikuwa na sikio moja lililosimama na jingine lililokunjika, na nilipomshika mara ya kwanza alinuka maziwa na majivu.

Shule yake ilikuwa michezo mitupu. Bibi aliviringisha kitambaa kwenye gunzi la mahindi, akakifunga kwa kamba ya mti, akakirusha kwenye majani. Mtoto wa mbwa akakimbilia, akakidaka, akatoka nacho mbio kuelekea msituni. Nami, kama mtoto yeyote mwenye akili, nikamfukuza. Bibi alinishika ukosi wa shati. "Ukimkimbiza mbwa unamfundisha kukimbia," alisema. "Mkimbie wewe, aone uhondo uko huku." Nikageuka nikakimbia kwenda nyumbani. Niliposikia vishindo vidogo nyuma yangu na kuona yule mbwa ananipita mbio, gunzi mdomoni, nilifurahi hadi nikaanguka.

Kumnyang'anya gunzi nako kulikuwa na utaratibu wake. Unajua matobolwa? Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu na vitamu. Ndiyo pipi yetu sisi watu wa huku. Bibi alibeba vipande vyake kwenye pindo la khanga, na kila Watasema alipoleta kitu, alionyeshwa tobolwa kwanza. Akifungua mdomo apokee, gunzi lilidondoka lenyewe mkononi. "Mkono unaochukua uwe umeshatoa," bibi alikuwa akisema. Nilidhani anazungumzia mbwa tu.

Tena kulikuwa na mchezo wa kutazamana. Unafumba tobolwa kwenye ngumi, unanyoosha mkono pembeni, unatulia. Mbwa ataikodolea macho ngumi, ataiparua, atalia. Usimgombeze. Siku moja, kwa uchovu wake mwenyewe, atainua macho akutazame usoni kama anayeuliza, sasa? Hapo hapo mpe. Baada ya muda Watasema alikuwa akiona kitu kizuri popote, hata kuku wa mwalimu mkuu, kwanza ananitazama mimi. Nimefundisha watoto wa watu darasani miaka mingi, na bado sijapata njia bora ya kuomba usikivu.

Lakini mchezo wetu mkubwa ulikuwa kombolela. Bibi alimshika mbwa, mimi nikaenda kujificha nyuma ya mti, kisha kutoka huko nikamwita. Na hapa ndipo bibi alipowashinda wote. Wanaume wa kijiji walipiga mluzi kwa vidole, au waliita jina la mbwa kwa sauti ya radi. Walimwita kumpa chakula, walimwita kumfunga kamba, na walimwita kumchapa, kwa sauti ile ile. Mbwa angesimama mbali akipiga hesabu. Bibi alikuwa na sauti ndogo ya kuongea, lakini kigelegele chake kilivuka mto. Harusi zote za pande zile zilimwalika kwa ajili hiyo. Akaamua mbwa wake waitwe kwa kigelegele, basi. "Jina la mtu huitwa kwa hasira na kwa furaha," alisema. "Kigelegele hakijawahi kumwita mtu kwa ubaya." Na wakifika, hata wakifika wamechelewa, hata wakiwa wametoka kufukua mbegu, walipata tobolwa na mkono shingoni.

Nami nikajifunza kukipiga, huko huko msituni, ulimi ukicheza mdomoni, mahali ambapo hakuna aliyenisikia ila Watasema na ngedere. Maana mwanaume hapigi kigelegele. Hilo mtoto wa kiume wa kwetu hulijua kabla ya kujua kuhesabu.

Hasara ya mtindo wa bibi ilijitokeza kwenye harusi ya mpwa wake. Alipoongoza vigelegele wakati maharusi wanatoka kanisani, mbwa wake wote walitokeza kutoka kwenye karanga, ndimi nje, njuga zikilia shingoni, wakapita katikati ya kwaya hadi kwa bibi harusi na kukaa chini kungoja matobolwa. Bibi akafungua pindo la khanga, akawapa kila mmoja chake, kwa sababu ahadi ni ahadi, ndipo akawafukuza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Jirani yetu alikuwa mfugaji aliyehamia na ng'ombe na mbuzi wake kutoka upande wa Igunga, mtu mrefu wa maneno machache. Asubuhi moja mwanambuzi wake alikutwa ameraruliwa karibu na mto, na mtu akasema alimwona mbwa wa kahawia akinusanusa pale. Kwetu mbwa aliyeonja mbuzi haponi. Hatafutiwi dawa. Jirani akaja uani kwetu na upinde wake, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na nyuma yao watu wa nyumba yake na nusu ya darasa letu.

"Mama, mwangaluka," jirani alimwamkia.

Bibi aliinamisha kichwa tu. Jino lilikuwa limemvimbisha shavu tangu juzi yake, akalifunga kwa kitambaa, na mdomo wake haukufunguka hata kunywa uji vizuri. Akaandika kwa mikono yake hewani kwamba si mbwa wake. Mikono haina nguvu mbele ya mbuzi aliyekufa.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Akaketi, akafikiri, akasema, "Mbwa mwizi hasikii la mwenyewe akiwa kwenye nyama. Leteni mbuzi. Mbwa awe kati yao, kisha aitwe. Akija, tutatafuta fisi. Asipokuja, jirani ana upinde."

Mbuzi waliletwa kwenye uwanja wa mavuno, wakilia, wakikwaruza vumbi. Watasema akawaendea akitikisa mkia, akaingia katikati yao, akaanza kuwanusa mmoja mmoja kama anayewasalimia. Jirani alivua katambuga zake, viatu vya matairi ya gari, ili akanyage vizuri, akapanga mshale. Mwenyekiti akasema, "Haya, Mama. Mwite."

Bibi akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena, machozi yakamtoka kwa maumivu, ikatoka sauti kama ya mlango unaokwaruza. Wanawake waliokuwepo walikuwa wa nyumba ya jirani, na nani kati yao angempigia kigelegele anayedhaniwa kala mbuzi wao? Nikaita, "Watasema!" kama wanavyoita wanaume. Akainua sikio moja, akarudi kunusa. Jina lake alikuwa akilisikia mchana kutwa. Halikumaanisha kitu kwake. Nikaona upinde unapanda. Nikawaona wenzangu wa shule wamekaa kwenye ua, miguu inaning'inia. Bibi hakunitazama hata kidogo. Baadaye nilielewa kwamba hakutaka kunilazimisha.

Nikapiga kigelegele.

Kilianza kwa kukwaruza, kisha kikapanda, kikatoka kirefu na chembamba, juu ya mbuzi na watu. Wenzangu waliangua kicheko mpaka mmoja akadondoka chini. Nikavuta pumzi, nikapiga cha pili. Watasema aligeuka palepale, akamruka mbuzi aliyekuwa mbele yake, akaja mbio mpaka tumbo lake likawa karibu linagusa ardhi. Ila kwa vile alikuwa mbwa aliyelelewa vizuri, hakutaka kufika mikono mitupu. Akapitia miguuni mwa jirani, akaokota katambuga moja, akaja kuketi mbele yangu nayo mdomoni, akinitazama machoni.

Nikapapasa mfukoni, nikampa tobolwa, nikapokea katambuga. Nikampelekea jirani kwa mikono miwili, nikasema, "Shikamoo." Yule mtu mrefu aliitazama katambuga yake, akaipangusa mate kwenye shuka, na kitu kikaanza kumtikisa mabega. Alikuwa anacheka. Mwenyekiti naye akacheka, kisha wake za jirani, na mmoja wao akapiga kigelegele kwa kusahau, Watasema akaenda kumdai chake.

Fisi aliendelea kula mbuzi hata siku ambazo Watasema alikuwa amelala mlangoni petu, mpaka fisi huyo akanaswa. Jirani akaja na kibuyu cha maziwa mgando, akakiweka chini mbele ya bibi kwa mikono miwili. Sisi tulielewa. Shuleni niliitwa Bi Harusi hadi nilipomaliza darasa la saba, na mwalimu wetu wa hesabu, Mungu amrehemu, aliniita hivyo hata ubaoni. Sikujali sana. Nilikuwa na mbwa.

Bibi alifariki nikiwa sekondari hapa mjini. Nilipofika kijijini maziko yalikuwa yamepita, watu wamejaa uani, na mtu wa kwanza kunisogelea alikuwa jirani. Akaniambia Watasema ameondoka uani tangu jeneza lilipotoka nyumbani. Mbwa alikuwa mzee sasa, mdomo umeingia mvi. Wamemwita, wamempigia mluzi, amekaa huko kwenye karanga, hali, haji. Na kigelegele, nani angekipiga matangani?

Nilikwenda mpaka mwisho wa ua. Nikapiga kimoja, kidogo tu, sauti ikikatika. Nyuma yangu shangazi mmoja akaanza kunikemea. Nikamsikia jirani akisema, "Mwacheni. Anaita mtu wa nyumbani."

Majani ya karanga yakatikisika. Watasema akaja taratibu, akichechemea, na mdomoni alikuwa na kata ya bibi, ile pete ya kitambaa aliyoiweka kichwani kubebea ndoo, ambayo kila asubuhi alimtuma amletee kabla ya kwenda kisimani. Akaketi mbele yangu, akanitazama. Sikuwa na kitu mfukoni. Nilikuwa nimevaa nguo za shule. Nikashindwa kunyoosha mkono. Mke wa jirani akafungua pindo la khanga yake, akaniwekea tobolwa kiganjani. Hapo ndipo nilipolia.

Shamba lile leo ni la tumbaku, la mtu mwingine, na miyombo imeishia kuwa kuni za mabani, vibanda vya kukaushia tumbaku. Nilipita mwaka jana. Kichuguu cha kombolela kimesawazishwa. Njuga shingoni mwa mbwa sijazisikia miaka mingi. Matobolwa, ashukuriwe Mungu, bado yapo sokoni.

Nayanunua kwa sababu baada ya harusi ile ya mwezi uliopita nilijitafutia mtoto wa mbwa. Juzi jioni nilisimama uani kwangu, mzee mzima mwenye mvi, nikapiga kigelegele. Jirani yangu wa hapa mjini akachungulia juu ya ukuta. "Mwalimu, kuna harusi?"

"Karibu," nikamwambia.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, na safari hii hakuuliza namsubiri nani. Mtoto wa mbwa akatokea nyuma ya tangi la maji, anajikwaa, anaburuta kandambili ya mke wangu iliyo kubwa kuliko kichwa chake. Nikachuchumaa. Nikampa tobolwa kwanza, ndipo nikapokea.