Wodi Niliyoifunga

Tetemeko lilipita asubuhi ya siku ya mnada, watu wengi wakiwa nje, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu. Nilikuwa fundi kijana katika ofisi ya ujenzi pale Singida Mjini. Kesho yake mkuu wangu alinikabidhi timazi, futi na chaki, akanituma vijiji vya upande wa Mtinko kukagua majengo ya tofali. Jengo lililo salama nilichoree duara mlangoni. Lililo hatari nilichoree msalaba, na asiingie mtu.

La kwanza lilikuwa ghala la kijiji cha ujamaa. Niligonga kuta nikasikiliza, nikapima nyufa, nikachora duara. Siku iliyofuata, tukinywa chai kwa mwenyekiti, ardhi ilitikisika tena kidogo, tukasikia kishindo. Ukuta wa ubavuni ulikuwa umelala chini. Wanawake waliokuwa wakipepeta mtama kando yake walikuwa wameondoka muda mfupi tu kwenda kisimani. Mwenyekiti hakunilaumu. Alitazama rundo la tofali, kisha akatazama duara langu.

Tangu hapo mkono wangu ukawa mwepesi wa kuchora misalaba.

Katika kijiji cha mbele nilikuta zahanati yenye wodi ya wazazi, chumba kimoja chenye vitanda viwili. Wanakijiji waliijenga wenyewe kwa kujitolea, tofali za kuchoma zikiunganishwa kwa udongo. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha ukapanda hadi juu. Niliteremsha timazi: ukuta ulikuwa wima. Zege la juu ya dirisha halikukatika. Kwa nilivyofundishwa, chumba kile kingeweza kutumika kikiwekewa nguzo za miti. Nilijua hivyo nikiwa nimeshika chaki.

Nikachora msalaba.

Mkunga, mama wa makamo aliyekuwa amenipokea vizuri, aliniuliza, "Mwanangu, ndiyo kusema nikazalishie wapi?"

"Nje, mama. Wafunge turubai."

"Mvua zimekaribia."

"Afadhali mvua kuliko ukuta."

Aliita vijana wakatoa vitanda.

Nilirudi baada ya masika, na saruji kwenye Landrova, kuja kuziba ufa. Nilipima kwanza. Haukuwa umeongezeka hata unywele. Mkunga alisimama nyuma yangu. Nilipomwuliza hali ya kazi, alijibu taratibu kwamba mwezi wa tatu mama mmoja alijifungua chini ya turubai, usiku wa upepo, maji yakipita chini ya kitanda. Mtoto alizaliwa akilia vizuri. Kufikia asubuhi ya tatu kifua kilikuwa kimembana, akafa.

"Ningekuwa ndani ningewasha moto," alisema. "Lakini wewe ulikuwa umekataza."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Niliziba ufa ule siku mbili. Kila nilipoinama kuchota udongo wa saruji nilisikia kama mtoto analia nyuma ya turubai, ingawa turubai lilikuwa limekwisha kukunjwa na kuwekwa stoo. Nilimwuliza fundi niliyekuja naye, akasema hasikii kitu. Sikumwuliza tena.

Siku ya kuondoka alikuja mwanamke kijana na kibuyu cha maziwa. Mkunga alininong'oneza kwamba ndiye mama wa yule mtoto. Nilitaka kuingia garini, nikabaki nimeshika mlango.

"Shikamoo," aliniamkia, nami sikuwa nimemzidi umri sana.

"Marahaba," nikajibu, kwa aibu.

"Nimesikia ghala la wenzetu lilianguka," alisema. "Huku kwetu ulituwahi. Huenda na mimi ningekufa humo. Asante, ndugu."

Akaninyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Mkunga aliangalia pembeni. Nami nilijua kuhusu ukuta ule jambo ambalo mama yule hakulijua, na ilikuwa juu yangu kumwambia au kunyamaza.

Nilipokea maziwa, nikanywa yote mbele yake, nikasema asante.