Karamu ya Chama cha Dawa na Sumu

Katikati ya miaka ya sabini, sisi wachache tuliosomea dawa pale Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tuliunda chama. Mwenyekiti wetu, mfamasia Mnubi wa Koboko, mtu wa mwili na maneno, alishikilia tukiite Chama cha Wataalamu wa Dawa na Sumu. Tukakubali. Hatukuwaza kwamba mji ungesikia neno la mwisho tu.

Siku ya uzinduzi tulikodi ukumbi mtaa wa Awindiri, tukamweka mama mmoja apike. Hotuba zikaisha, masufuria yakafunuliwa, harufu ya pilau ya mbuzi ikajaa ukumbini. Hakuna aliyeinuka. Nilimpelekea sahani mfanyabiashara mmoja aliyetokea Sudan. Akaishika kama mtoto wa watu.

"Dada, mimi nashiba."

"Umeshibia wapi?"

"Nyumbani."

Mama mpishi akatoka jikoni, mikono kiunoni. "Nani nasema chakula yangu iko na sumu?"

Mwenyekiti akasimama. "Mimi takula kwanza. Nyinyi angalia tu."

Akala pilau. Akala maharage. Akamega kisra, ule mkate mwembamba wa Kisudani, akachovya kwenye mchuzi. Akadhani yamekwisha, lakini sauti ikatoka nyuma: "Ile nyama ya chini bado!" Akachimbua ya chini, akala. "Na ile sufuria ndogo!" Akala na hiyo.

Alipoinuka atuoneshe kwamba yu mzima, jasho lilikuwa likimtiririka. Akashika tumbo, akaguna, akajirudisha kitini polepole.

Ukumbi ulimwagika nje. Watu walipitia hata madirishani. Mimi nami, mtaalamu mzima, moyo ulinienda mbio. Nilimshika mshipa wa mkono, nikamchungulia macho.

"Nini kinakuuma, mzee?"

"Mkanda," akanong'ona.

Nilimlegezea mkanda wa suruali. Akashusha pumzi ndefu, akaomba maji. Mama mpishi alicheka mpaka akaketi sakafuni, nami nikashindwa kujizuia. Waliokuwa nje waliposikia kicheko walirudi mmoja mmoja, wakachukua sahani, na masufuria yakakombwa. Mwenyekiti aliwatazama tu, hawezi hata ndizi.

Siku chache baadaye mwanamke mmoja aliniletea muhogo mchungu kwenye duka langu la dawa. "Nyinyi iko watu ya sumu. Hii taua watoto yangu?"

Nilivuta kiti, nikamweleza jinsi ya kuuloweka na kuukausha vizuri ili sumu yake itoke. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo chama chetu kilipata.