Pamba ya Bomba

Mashine ya kukaushia nguo ililetwa Mwadui miaka ya hamsini, nikiwa dobi katika nyumba ya wageni wa mgodi. Lilikuwa sanduku jeupe la bati lenye pipa la kuzunguka ndani, na nyuma yake bomba nene lililotoboa ukuta kupeleka joto nje. Wazungu waliitaka kwa sababu ya funza. Inzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na anayezivaa huota majipu. Kabla ya hapo tulipiga pasi kila kitu, hata soksi.

Fundi wa umeme, Singasinga mmoja mpole, alituonyesha mara moja tu, mimi na mwenzangu. Kila siku tutoe chujio la waya na kulifuta manyoya ya nguo. Kila Jumamosi tuchomoe waya ukutani, tusubiri bati lipoe, tusugue bomba kwa brashi iliyofungwa kwenye ufito, kisha mmoja atoke nje ahakikishe mdomo wa bomba uko wazi. Manyoya yale, alisema, yakipata moto ni kama petroli.

Mwenzangu alikuwa Mzaramo, amenizidi kama miaka kumi na mitano. Mzaramo na Msukuma ni watani. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na baada ya hapo matusi yakaanza.

Mimi nimezaliwa kwenye mashamba ya pamba. Manyoya yalipotoka bombani, meupe na laini, mikono yangu ilikataa kuyatupa. Wakati huo mke wangu alikuwa mgonjwa wa kifua, yuko kwa mama yake huko Ngokolo, na hakupata usingizi ila kwa kuegemezwa. Nikataka kumjazia mto. Kwa kuwa mengi yalipeperuka, nilifunga kipande cha gunia kwenye mdomo wa bomba, huko nje nyuma ya tangi la maji ambako hakuna aliyepita. Mwenzangu sikumwambia, nikiogopa atanicheka. Nilimwambia tu kwamba kazi ya nje ni yangu, yeye abaki na ya ndani. Nikawa navuna kila Jumamosi.

Mto haujajaa, mke wangu akafariki. Niliondoka siku ileile habari ilipofika, na gunia sikulikumbuka. Nilikaa msibani wiki mbili. Siku zile siziandiki.

Niliporudi, mwenzangu alinipa pole na kunishika mkono kwa muda mrefu. Hakutania. Mtani hutania hata kaburini, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Akanieleza kwamba mashuka yanazunguka mchana kutwa bila kukauka, na mawili yametoka na rangi ya chai. Chujio alilifuta kila siku, na bomba alilisugua kwa ndani hadi brashi ilipokomea; nje hakwenda, maana nilisema ni kazi yangu. Memsabu aliyesimamia nyumba hakumsadiki. Alisema anachezea swichi, na Jumamosi itakuwa siku yake ya mwisho.

"Nirudi pwani na umri huu, nikafanye nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshajua kabla hajamaliza. Nilichomoa waya. Kungoja bati lipoe karibu kunishinde, lakini nilingoja. Nikazunguka nje. Gunia lilikuwa limevimba kama kiwele cha ng'ombe. Nilipokata kamba, manyoya yalitoka yameshindiliwa, urefu wa mkono mzima, na yale yaliyokuwa karibu na mashine yalikuwa ya kahawia kama tumbaku, yananuka moshi. Nikayachambua yote kwa vidole nikitafuta jivu. Halikuwemo. Juu ya chumba kile palikuwa na dari ya mbao, na vyumba vya wageni vimepangana pembeni. Nikakaa chini hapohapo nikimshukuru Mungu.

Wazo la kuyatupa shimoni na kusema mashine imepona yenyewe lilinijia. Lilikaa nami muda wote niliokuwa nasugua bomba. Nilipomaliza nililibeba gunia hadi kwa memsabu, mwenzangu akinifuata bila kuelewa.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi, memsabu. Nilikuwa navuna pamba. Huyu mzee hakujua."

Nilimweleza habari ya mto, na mto ulikuwa wa nani. Aliyasugua manyoya ya kahawia kati ya vidole, akayanusa. Kisha akasema mimi nisiiguse tena mashine, nirudi kwenye pasi. Akamgeukia mwenzangu.

"Wewe baki."

Hakumtaka radhi, wala hatukutegemea. Tulirudi tukawasha, tukatia taulo nane. Hazikumaliza saa moja, zikatoka kavu. Mwenzangu alitoka nje, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, joto likampiga. Ndipo aliponitazama.

"Msukuma ukiona cheupe unavuna. Siku moja utavuna ndevu za babu yako."

Nilicheka. Tangu mazishi nilikuwa sijacheka, na nilishangaa kuisikia sauti yangu.

Jioni tulikwenda chumbani kwake. Sanduku lake la bati alikuwa amekwisha kulifunga kwa kamba ya katani, na godoro amelikunja. Fundo lilikuwa gumu, tukasaidiana kulifungua, mimi kwa meno. Akatoa msala, kikombe, na kanzu ya Ijumaa, akaitundika kwenye msumari wake.