Kiingereza cha Mdomo wa Duara

Sijawahi kuwa mwalimu, na naliandika hilo mwanzoni kabisa ili mtu asije akaniomba cheti. Nilimaliza darasa la saba Nyarero, nikaongeza mihula mitatu kwa shangazi yangu upande wa pili wa mpaka, basi. Lakini kuna majuma kama sita hivi katika maisha yangu ambapo watu wenye kidato cha nne walikaa kwenye makreti ya soda wakanisikiliza mimi nikieleza Kiingereza. Kila nikipitia daftari zangu za zamani, nikifika kwenye kurasa hizo nasoma polepole. Naona fahari. Pengine ni fahari kubwa kuliko kazi yenyewe, lakini naiona.

Siku zile dhahabu ilikuwa imewatoa watu majumbani. Nilikuwa nachota maji na kuosha vyombo katika kambi ya watalii karibu na Natta, na kila juma mhudumu mmoja au wawili walikuwa wanaaga kwenda Tarime. Wengine hawakuaga. Mwalimu aliyekuwa anatoka Mugumu kuja kutufundisha Kiingereza naye alikwenda "kusalimia ndugu" huko, na salamu zake hazikuisha.

Mimi nilikuwa nimepita njia hiyohiyo kinyume. Nilikuwa nimetoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo yanayoshuka wima kama visima, baada ya miaka minne ya kuona jua kwa zamu. Watu wa kambini walinicheka, wakiniita mura, yaani kijana kwa Kikurya.

"Mura, wenzako wanakimbilia mali, wewe unaikimbia? Umeona nini huko chini?"

"Nimeona giza," niliwajibu, nao wakadhani natania.

Kiingereza changu nilikipata kwenye duara. Mwenzangu wa zamu alikuwa mwalimu wa zamani kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mzima ambaye dhahabu ilimtoa darasani. Baruti zikishalipuliwa, hakuna anayeshuka mpaka moshi utoke, na moshi hauna haraka. Hapo ndipo alipokuwa anatoa kitabu chake kisicho na jalada. Alipenda sana vile vitenzi vidogo vinavyotangulia vingine: must, should, may, might, could, needn't. Alisema mtu asiyevijua ataongea Kiingereza kama anayefukuza ng'ombe kwenye shamba la mtu. Nilivisoma nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Msimamizi wa kambi, mtu wa Arusha, alinisikia siku moja nikimwelekeza mgeni bafuni kwa Kiingereza. Akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia. Akasema, "Basi wafundishe hawa, mpaka mwalimu arudi." Nilitaka kukataa. Usiku huo niliandika kwenye daftari: "Nimekubali jambo nisiloliweza." Siwezi kusema nilikosea sana.

Darasa lilikuwa nyuma ya stoo, mchana baada ya vyombo vya chakula kukauka. Ubao ulikuwa mlango mweupe wa friji iliyokufa, chaki ilikuwa mkaa. Wanafunzi watano. Wanne walikuwa vijana wahudumu. Wa tano alikuwa mama mmoja Mnata, mwenyeji wa pale, mpishi wa siku nyingi, mkubwa kwangu kwa miaka kama ishirini, kwa hiyo kila kipindi kilianza na mwalimu kumwamkia mwanafunzi wake shikamoo. Alikuwa anaitikia "Marahaba, mwalimu," na wale vijana wanaangua kicheko.

Huyo mama ndiye aliyekuwa na haja kuliko wote. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na moshi wa kuni. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia wazi: akae mbali na moto, la sivyo asitegemee kuona wajukuu wake wakikua. Sasa kwa kuwa wahudumu walikwenda kwenye dhahabu, msimamizi alimtoa jikoni akampa hema la chakula alisimamie, kwa majaribio. Akiweza, abaki pale kwenye hewa safi. Akishindwa, arudi mekoni, kwani kazi nyingine ya kumpa haikuwapo.

Na alikuwa anashindwa. Wageni walikuwa wanalalamika kwamba anawaamrisha.

"Anawaambia nini?" nilimuuliza mmoja wa wale vijana, aliyemaliza kidato cha nne, ambaye alikuwa anahudumu naye.

"Mgeni akiacha chakula, anasimama juu yake. You must eat. You must finish. Juzi mzee mmoja kaacha supu, mama kamfuata mpaka mlangoni: You should have finished it!"

Mama mwenyewe hakuona aibu. "Kwani nimekosea Kiingereza?"

Hapana, hakuwa amekosea, na nataka niwe mkweli hapa. Mama yule alikuwa na Kiingereza kizuri kuliko changu. Aliwahi kufanya kazi kwa masista alipokuwa msichana, na zoezi nililotoa juma la kwanza alipata yote, wakati mimi mwenyewe nililazimika kuhakiki majibu mawili. Lakini mimi nilidhani dawa ni zoezi zaidi. Nikampa sentensi ishirini za may na might. Akazifanya zote vizuri, akaenda kwenye hema akamwambia mgeni lazima amalize kuku.

Makosa mengine yalikuwa yangu. Siku moja niliwafundisha kwamba "mustn't" ni "si lazima." Nikaandika kwa mkaa, kwa kujiamini kabisa: You mustn't wake up early. Kijana wa kidato cha nne akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo ni marufuku, siyo si lazima."

"Una hakika?"

"Kwa hiyo mgeni akiamka alfajiri tumkamate?"

Walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye kreti. Nilikwenda kuuliza kwa msimamizi, ambaye alikuwa na kamusi. Kijana alikuwa sahihi. Kesho yake nilisimama mbele ya friji nikasema nilikosea, huyu kanisahihisha, andikeni don't have to. Nilitegemea wataniacha. Walirudi wote watano.

Kisha msimamizi akatupa habari. Kundi la wageni wanane lingefika baada ya siku tatu, wazee watupu. Mama ahudumie chakula chao cha mchana cha kwanza. Baada ya hapo angeamua.

Siku hiyo mama alibaki baada ya darasa, akifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwalimu, mimi hivi vitenzi navijua. Tatizo ni mkono. Nikiona mtu anaacha chakula kwenye sahani yangu, mwili unakataa. Kwetu mgeni akiondoka na nusu sahani, kesho majirani wanauliza, huyu mama ana nini? Alimwekea nini? Usipomsukumia mgeni chakula, umemfukuza."

"Hata kwetu ni hivyo."

"Kwenu mnasukumia na fimbo," akasema. Wanata wanapenda kututania hivyo sisi Wakurya. Nilitaka kujibu, lakini nikaona ana haki kidogo.

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa namfundisha kitu anachokijua. Sikuwa na neno la kitabu la kumsaidia. Nilichokuwa nacho ni duara tu, nikamweleza hilo.

Nikamwambia: kwenye mdomo wa shimo, pale juu, kuna mtu anasimama na kamba. Mwenzake akija kushuka, yule wa mdomoni kazi yake ni kumwambia anachokijua. Jana matimba, zile nguzo za kuzuia kuta, upande wa kulia yalilia. Hewa leo inaweza kuwa nzito. Kule kushoto huenda ukakuta mwamba mzuri. Halafu ananyamaza. Hamsukumi. Mtu hasukumwi shimoni hata akiwa mdogo wako, hata mwenye duara akikasirika. Ukimsukuma na akaumia, ndugu zake watakuja nyumbani kwako, na matanga yatakuwa yako. Mwambie, umwachie.

"Na ardhi ikipasuka?" akauliza.

"Hapo hatuulizi anapenda nini. Unapiga kelele moja, Toka! na hata mwenye duara anatoka."

Mama alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. Nilidhani nimemchosha na habari za mashimo. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo mimi ni mtu wa mdomoni, mgeni ndiye anayeshuka."

"Ndiyo. Sahani ni shimo lake."

"Wewe mtoto," akasema, "una mifano mibaya sana." Lakini alikuwa anatabasamu.

Siku mbili zilizobaki hatukugusa kitabu. Niligeuza makreti yakawa meza. Kijana wa kidato cha nne akawa mgeni, na alikuwa mgeni mwovu kweli, anaacha viazi, anasukuma sahani, anajifanya anaumwa. Mama alikuwa anasimama mikono imeshikana nyuma. Kila alipotaka kusema must, nilikuwa napiga kelele "Matanga!" na wote wanacheka, naye anameza mate anaanza upya. You could try the fish. It may be a bit salty. Mara ya kwanza alilisema hilo kama anayemlazimisha mtoto kumeza dawa. Mara ya kumi lilitoka laini. Kijana yule, ambaye angeweza kuitaka nafasi ile kwa ajili yake mwenyewe, alikaa pale saa mbili kila siku akiacha viazi hewa kwenye sahani tupu. Nisipolisema hilo nitakuwa nimemdhulumu.

Wageni walifika wakiwa wamejaa vumbi la njia ya Mugumu. Mimi nilikuwa naingiza maji kwenye hema, kwa hiyo niliona. Msimamizi alisimama mlangoni, mikono mifukoni.

Bibi mmoja mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa, aliletewa kuku, viazi na mboga. Alikula vijiko vitatu. Akaweka uma chini. Kuku hakuguswa kabisa.

Mama alifika. Niliona vidole vyake nyuma ya mgongo vikikunjana na kufunguka. Nikasimama na ndoo yangu. Sikupiga kelele yoyote, ingawa neno lilikuwa mdomoni.

"There's some fruit as well," akasema mama. "You might like the pawpaw. But you don't have to."

Akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mrefu. Kwangu ulikuwa kama ule wa kusubiri moshi. Bibi aliinua kichwa akamtazama mama kama mtu anayetua mzigo, akasema asante, angeonja. Mama akachukua ile sahani yenye kuku mzima. Mchuzi ukagusa ukingo, lakini aliibeba mpaka nje bila neno.

Kwenye meza ya pembeni mzee mmoja alikuwa amesimama na kamera yake, anatoka kwenye turubai kufuata nyani waliokuwa karibu na jiko. Dume la nyani lilikuwa limeshaonyesha meno. Mama aliweka sahani chini, akageuka.

"Sir! You must come back. Now."

Sauti ile niliijua tangu kwenye maduara. Mzee alirudi kabla hajajua kwamba amerudi. Wenzake wakamcheka, naye akacheka, na hakuna aliyelalamika.

Bibi alikula vipande vinne vya papai. Msimamizi alikuwa bado mlangoni. Alipotupita kwenda ofisini alisema tu, "Jikoni watafute mtu mwingine wa moto." Mama alikaa kwenye kreti nyuma ya stoo, akaweka kanga usoni, na safari hii haikuwa kwa sababu ya moshi.

Vijana walikuja kumpongeza. Mimi nilibaki nyuma. Nilikuwa nahesabu moyoni: Kiingereza alikipata kwa masista, mazoezi alifanyishwa na kijana wa kidato cha nne, may na might nilipewa na mwalimu wa ng'ambo ambaye huenda bado yuko chini ya ardhi. Changu kilikuwa kipi? Nikamwambia mama hivyo, nikiwataja mmoja baada ya mwingine.

Alishusha kanga. Macho yalikuwa mekundu kama siku zote.

"Mura," akasema, "ninyi mkipewa ng'ombe mnauliza mama yake alizaliwa wapi. Mimi nimetoka kwenye moto. Nani alinisimamisha mdomoni?"

"Mimi."

"Sema tena, wasikie."

"Mimi, mama."

"Haya. Nenda kaoshe sahani, mwalimu, zimejaa."

Nikaenda kuziosha. Zilikuwa nyingi, na nyingi ziliachwa nusu. Niliziosha zote nikiimba.