Shemeji Anataka Banda Langu kwa Sababu Nafunga Mlango Mchana

Mhariri, jina langu liweke kando, na la shemeji yangu pia, maana Dodoma bado ni ndogo na gazeti lako husomwa kwa sauti barazani. Ananiandikia mwalimu mmoja, nami nimemwomba asinilainishie neno hata moja.

Mimi ni mjane, umri wangu kama miaka thelathini na mitano. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa misafara. Reli ilipofika Dodoma tukahama Mpwapwa tuje kutafuta maisha huku, lakini hakukaa sana, homa ikamchukua, akaniachia watoto. Nilipotoka eda niliuza vikuku vyangu vya fedha, nikajenga banda la chakula karibu na stesheni. Napika wali, maharage, chapati na chai kwa abiria na vibarua wa reli.

Wasomaji, biashara ilishika, lakini mimi nilikuwa nakwisha. Niliwasha moto kabla ya alfajiri, na nikiuzima watu wote wamekwisha kulala. Nilikula nimesimama, ukoko wa sufuria na chai iliyopoa. Ndugu wakija kunisalimu nawajibu huku nakata vitunguu, mpaka wakaacha kuja. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa akinisifu mbele za watu kwamba mke wa kaka yake hapumziki. Nami nilivimba kichwa kwa sifa hizo.

Siku moja gari la moshi limesimama, watu wamejaa, nikaanguka kando ya jiko. Chungu cha maharage kilimwagika pembeni yangu, kidogo tu kiniunguze uso. Aliyeninyanyua ni mama mmoja wa Kigogo aliyekuwa akiniletea maziwa kila asubuhi. Nitamwita Nyemo. Alinipeleka kwenye tembe lake, nyumba yao ya udongo, akanilaza juu ya ngozi, akaninywesha maji. Nilipofumbua macho nikataka kurudi kazini. Akanishika mkono.

"Dada," akaniambia, "unalisha watu wote wanaopita hapa. Wewe leo umekula nini?"

Nililia mbele ya mtu ambaye mpaka siku ile nilikuwa namjua kwa kibuyu chake cha maziwa tu.

Tangu hapo nilibadilika. Jua likifika utosini nafunga mlango wa banda, natembea kwa miguu mpaka kwa Nyemo. Wanakuja pia mama anayeuza chumvi ya Bahi na mwenzake anayefinyanga vyungu. Tunakaa chini, tunakula ugali wa uwele na mlenda, tunakunywa maziwa ya mgando. Tunazungumza habari za watoto, za waume, za bei, za mtu gani si mwaminifu. Kisha najinyoosha kidogo, narudi kazini. Usiku nikiswali Isha, nalala. Mwili ulirudi, na hata wateja walisema mkono wangu umepata ladha.

Shemeji hakufurahi. Alikuja akasema mji mzima unacheka, mwanamke wa nyumba yetu anakaa kwenye ngozi ya ng'ombe na watu wa porini, na biashara amefungia mlango. Nikamjibu kwa adabu kwamba watu hao ndio walioniokota nilipoanguka, na yeye siku ile sikumwona.

Masika ikaja na mvua kubwa. Maji yalikata reli huko Gulwe, na gari lililokuwa linakwenda pwani likakwama hapa kwetu na abiria wake wote. Mchele na unga wa pwani vikaisha madukani. Wenye mabanda wengine walifunga. Mimi nilikaa nikitazama magunia matupu. Basi nikawaona wale wenzangu wanakuja kwenye matope, uwele kichwani, chumvi, karanga, maziwa, na vyungu vipya vya kupikia. Tulipika pamoja mpaka reli ikatengenezwa, hakuna abiria aliyelala njaa, na kila mmoja wetu alipata chake.

Nilidhani shemeji atakuja kushukuru. Alikuja na wazee wa ukoo. Walisema biashara sasa imekuwa kubwa, inataka mwanamume. Ama niolewe naye, ama nimkabidhi banda, kwa kuwa kiwanja kilitafutwa na kaka yake. Na vikao vya mchana vife leo hii.

Niliwaamkia shikamoo, nikawakaribisha chai, wakanywa. Kisha nikasema, "Wazee wangu, kiwanja kilikuwa miiba mitupu, na banda nimelijenga mimi baada ya eda. Mnataka kulirithi, ngojeni nife. Lakini sitajiua kwa kazi ili mlipate upesi."

Shemeji akainuka akaondoka. Wazee wamenipa muda mpaka mwezi uandame.

Kesho yake mchana nilifunga mlango kama kawaida. Ila sikwenda kwa Nyemo. Niliwaita wenzangu, tukatandika ngozi palepale mbele ya banda, kwenye njia ya watu, tukala. Shemeji alipita akatazama upande wa pili. Nyemo akamwita kwa upole aje ale. Hakuja.

Sasa nimekwama hapa. Nikipeleka shauri bomani, Wadachi wanaotutawala watasikiliza, lakini nitakuwa nimewaburuza wazee wa mume wangu mbele ya askari, na wanangu watabeba jina hilo. Nikibaki kwa wazee, shemeji amekwisha sema ushahidi wa Nyemo na wenzake kwamba banda ni langu haufai kitu, eti ni watu wa porini, na mashahidi wengine sina. Nyemo ananiambia popote nitakapokwenda watakuja, wakubaliwe wasikubaliwe.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wake kwa waume, nishaurini: niende bomani, au nisimame mbele ya wazee na wanawake hawa nyuma yangu? Semeni lolote, nitalisikiliza. Ila anayetaka kuniambia nifungue mlango mchana, asijisumbue kuandika. Saa hiyo nakula.