Redio ya Ami

Ami yangu, kaka yake baba, alinilea baada ya baba kufariki. Hilo halijanizuia kumchukia.

Jioni ile, mwishoni mwa Ramadhani, tuliizunguka redio yake ya betri tukingoja tangazo la mwezi. Umeme ulikuwa umekatika, na nyumba yetu ilikuwa peke yake mashambani, mbali na msikiti. Ami hakuridhika na stesheni yoyote. Akawa anazungusha kitufe huku na huku, redio inakwaruza tu. Mimi, msichana wa skuli niliyependa fizikia kupita kula, nikasema kwamba ndani ya mkwaruzo ule mna chembe ndogo ya mwangaza wa mwanzo wa ulimwengu, uliosafiri mpaka ukachoka ukawa mawimbi ya redio.

"Nyamaza we! Watu wanasikiliza," akasema ami.

Mwenyewe hakunyamaza. Alinihutubia juu ya adabu, akahamia kwa wasichana wanaoharibiwa na skuli, sauti yake imejaa ukumbi mzima, na tangazo likapita humo humo.

Asubuhi tukaamka na saumu. Majirani wa mbali waliotoka kuswali Idi walitupitia na sahani za mikate, wamevaa nguo mpya, wakatukuta midomo mikavu. Kufunga siku ya Idi ni haramu, na kwa ami, aliyependa kuitwa Shehe, ilikuwa fedheha kubwa. Akawaambia ni mimi niliyepiga kelele. Wiki ile ile akanitoa skuli.

Mama akanipeleka kwao Wambaa kwa siri, nikasomea huko. Lakini kila harusi niliyokwenda nilinyooshewa kidole: ndiye yule aliyewafungisha watu Idi.

Leo kazi yangu ni kuchambua yanayonaswa na darubini za redio. Mwaka jana skuli moja ya Madungu ikanialika kuzungumza. Ami alikaa kiti cha mbele, kanzu imepigwa pasi, akiwaambia walimu kwamba yeye ndiye aliyenisomesha. Nikamwacha aseme. Nilikuwa nimemwekea akiba yake.

Nikawaeleza wasichana kuhusu masahani makubwa ya darubini hizo, mapana kuliko madarasa yao, yaliyopangwa jangwani yakitega mawimbi ya gesi iliyokuwepo kabla nyota za kwanza hazijawaka. Mawimbi hayo ni dhaifu mno. Simu moja tu ikiwashwa karibu inayafunika. Ndiyo maana darubini hizo hujengwa mbali na watu, na kazi yetu kubwa ni kuiondoa kelele ya karibu.

"Nitawapa mfano wa kelele ya karibu," nikasema, nikatoa redio ile ile ya ami, aliyonipa mama, nikaiwasha ikaanza kukwaruza.

Nikawasimulia jioni ya mwezi, sikutaja jina. Nikasema nani alikuwa na kitufe mkononi, na nani aliyehutubia mpaka tangazo likapita. Majirani zetu wa zamani walikuwemo. Nikaona shingo zinageuka moja moja kuelekea kiti cha mbele, nikafurahi, tena sana.

Ami akasimama. "Mwanangu, hebu ngoja kwanza..."

Nikaupandisha mkwaruzo wa redio. Sentensi yangu ilikuwa imengoja miaka yote ile.

"Nyamaza, ami. Watu wanasikiliza."

Akakaa. Wasichana wakasogeza masikio karibu na redio.