Siku Susu Alipoiona Tena Michoro ya Korongoni

Siku ile ya michoro ya korongoni naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hucheka kwanza, aibu ikafuata nyuma. Nilikuwa mwalimu kijana pale Kikima, nimeoa majuzi, tena nimeazimwa pikapu na kaka yangu. Nani angeniambia kitu?

Nyanya wa mke wangu, Susu Kalunde, jicho lake moja lilikuwa limekwisha na la pili likififia. Alitaka jambo moja tu: aione tena michoro ya kale ya mwambani aliyoonyeshwa na babake akiwa msichana, mbali huko upande wa Kanyangi. Tukaondoka alfajiri sisi watatu, na kibuyu cha uji na debe la maji. Njia nzima Susu aliimba nyimbo za kanisa, akikatiza tu kunikosoa ninavyoendesha, yeye ambaye hakuwahi kushika usukani!

Tulifika korongoni jua likiwa la utosi. Mwamba uliwaka kwa mwanga, na michoro haikuonekana ila alama chache nyekundu. Susu akaupapasa. Mimi nilitaka kugeuza gari mapema, basi nikachota maji kikombe nikayarusha mwambani ili rangi ijitokeze. Ng'ombe mdogo mwekundu akatokea kweli, kisha miguu yake ya nyuma ikaanza kuchuruzika.

Susu aliposikia maji alinipiga kofi mkononi. "Wacha! Hii si chaki ati ukikosea unafuta. Kaa chini, mwalimu, ngoja jua igeuke."

Nikakaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku hiyo guu lilikuwa la ng'ombe wa watu. Saa kumi hivi jua likaingia korongoni kwa ubavu, na mwamba ukajaa: twiga, ng'ombe, watu walioshikana mikono. Susu akasogea mpaka pua ikagusa jiwe. Akapiga vigelegele, korongo zima likamwitikia.

"Ndio hawa! Hawajazeeka, ni mimi nimezeeka!"

Tulicheka mpaka mke wangu akaketi chini. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Kabla ya mavuno yaliyofuata, lile jicho lilizimika.

Subira huvuta heri, mwanangu, lakini ninayokuusia si subira ya kungojea heri yako mwenyewe. Ukiwa na mzee anayetazama kitu kwa mara ya mwisho, zima gari, ukae naye. Mungu akupe macho mema, na siku yako ikifika, akupe mtu wa kukungojea.